Alama Niliyoifuta kwenye Jedwali la Jeshi

Ninyi mnaokuja kukaa kwenye meza yangu, ile iliyo kando ya dirisha lisilofunguka, ghorofa ya nne pale Braamfontein, Johannesburg, nawasalimu. Nimeacha kazi mwezi uliopita. Nina miaka thelathini na minne, sina mvi hata moja, na neno "mstaafu" linanipwaya kama koti la kuazima. Lakini nimefanya kazi moja miaka kumi na mmoja, sijui kufanya nyingine, na hii sitaifanya tena. Naona hiyo inatosha kunipa haki ya kuwasumbua.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nimesikia kati yenu kuna Mkongo mmoja na Watanzania wawili. Pia kwa sababu kwa Kiingereza ningesahihisha kila sentensi mara saba, na mwisho ningebaki na ukurasa mweupe. Ndivyo nilivyo tangu zamani, na ndiko kulikoniponza, kama mtakavyoona.

Kwanza, zoeeni kwamba watu hawataielewa kazi yenu. Shangazi zangu wa Alexandra waliniuliza siku moja, "Thandi, unafanya nini huko mjini?" Nikasema nasoma bajeti za majeshi ya nchi za watu.

"Unamsomea nani?"

"Nasoma mwenyewe. Halafu naandika kwenye jedwali."

Wakatazamana. Mmoja akasema kitu kwa Kizulu, wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao bila kujua tunacheka nini. Baba yangu ni mtu wa hapa, alikuwa uhamishoni Morogoro, akanipa jina la kwao na lugha ya kwa mama. Tuliporudi mwaka 1994, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, jina langu lilikuwa limefika nyumbani lakini mimi bado. Mpaka leo nikipanda teksi mtu akisikia naitwa Thandiwe ananimwagia Kizulu, na mimi natikisa kichwa kama kondoo.

Mama alivumilia miaka miwili, akarudi Morogoro. Baba alipata kazi Durban. Mimi nikabaki na chumba Yeoville na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyejua kukisoma. Niliingia ofisini kwetu kama mpiga chapa. Hayo ya takwimu nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba ya jiji na kwa kuharibu kompyuta ya watu. Nawaambia ili msiogope vyeti vya wenzenu. Mimi niliviogopa miaka yote kumi na mmoja. Kila nilipoitwa na mkuu nilidhani wamegundua.

Mkuu wetu alikuwa Bi. Marlene, mama mzungu mwembamba anayevaa sweta hata mwezi wa kumi na mbili, kwenye joto kali la huku. Yeye ndiye aliyeanzisha kitabu chetu cha mwaka, kile chenye jedwali la kila nchi: jeshi lake lilitumia kiasi gani, mwaka baada ya mwaka. Alinigawia nchi nane. Nyingine zilihamishwa kwa wengine baadaye, lakini moja ikanigandia mpaka mwisho. Jina lake sitalitaja. Ni nchi ndogo, watu wake wachache, mafuta yake yako chini ya bahari, na karibu kila kitu serikali inacholipa kinatoka kwenye pipa.

Sasa sikilizeni mambo ya kazi, maana hayo ndiyo mtakayoyahitaji Jumatatu.

Kitabu cha bajeti cha nchi ya mafuta msikianze mbele. Mbele kuna hotuba. Anzeni nyuma, kwenye viambatisho vilivyochapwa kwa herufi ndogo. Fungu la Ulinzi mtaliona limekaa kwa adabu, dogo, limenyolewa vizuri. Msiliamini. Paa la kambi litafuteni Wizara ya Ujenzi. Hospitali ya wanajeshi iko Afya. Walinzi wa rais wako Ikulu, pamoja na maua na mazulia. Dizeli ya magari ya jeshi hamtaiona popote, kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye kampuni ya mafuta bila kupitia Hazina. Mwaka mmoja nilikuta helikopta mbili chini ya Kilimo, zimeandikwa ni za kupuliza dawa ya nzige. Nchi ile haina nzige.

Na tazameni bei ya pipa. Ikipanda, matumizi ya jeshi yanapanda mwaka huohuo, kwa bajeti ya nyongeza inayopitishwa haraka. Ikishuka, hamtaona yakishuka. Kwanza kitabu kitachelewa. Halafu kitatoka kikiwa na makadirio tu, bila matumizi halisi. Ikishuka sana, kitabu hakitoki kabisa. Kwa hiyo mkisubiri posta miezi minane na bahasha haiji, msiwalaumu watu wa posta.

Jambo la tatu: someni maneno madogo yaliyo juu ya safu. Hili nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza sikuona palipoandikwa "kwa maelfu", nikadhani ni mamilioni. Jeshi la watu wale wachache likawa kubwa kuliko la bara zima. Nilikagua hesabu ile mara nne nisione kosa, kwa sababu kujumlisha nilijumlisha sawasawa. Aliyeliona alikuwa Bra Themba (bra kwa huku ni kaka), mtu wa mashine ya kutoa nakala, aliyekuwa akipanga kurasa tu.

"Eish, Tanzania," akaniita kutoka chumbani kwake, "hawa jamaa zako wanakuja kutuvamia lini?"

Toka siku hiyo akaniita Jenerali. Asubuhi nikipita alisimama wima na kupiga saluti na kikombe cha chai mkononi. Nilimchukia kwa wiki mbili, halafu nikagundua kwamba ile saluti ndiyo salamu pekee ninayopata siku nzima.

Mpweke hujifanya mtu wa kazi nyingi. Mimi nilikula chakula changu mezani, nikiwa nimefungua jedwali ili wapitao wadhani siwezi kunyanyuka. Jumamosi nilikwenda ofisini. Wenzangu walisema nina bidii. Chumba changu cha Yeoville kilikuwa na kiti kimoja, na nikilinganisha kukitazama kiti kile na kuitazama nchi yangu ndogo, nchi ilikuwa na mengi zaidi ya kuniambia. Nilijua bei ya buti za askari wake. Nilijua jina la katibu mkuu na mwaka gani alihamishwa. Hakuna mtu mmoja wa huko aliyejua kwamba mimi nipo.

Kosa langu kubwa lilitokea hivi.

Kulikuwa na mwaka mmoja ambao bei ya mafuta ilianguka na kitabu hakikutoka. Kabla yake nilikuwa na namba, na baada yake nilikuwa na namba. Katikati, kisanduku kitupu. Kanuni ya Bi. Marlene ilikuwa wazi: kama huna taarifa, weka nukta mbili. Kama una makisio, andika makisio, halafu weka nyota pembeni, na chini ya ukurasa eleza umekisia vipi.

Nukta mbili zilinikera. Jedwali langu lote lilikuwa limejaa, miaka yote, ila pale pana shimo kama jino lililong'oka. Nikachukua mwaka wa kabla na mwaka wa baada, nikaweka namba ya katikati yake, juu kidogo ya ile ya kwanza. Nikatia nyota. Mpaka hapo nilikuwa bado ndani ya kanuni.

Kisha ikaja siku ya kusahihisha kurasa za mwisho kabla ya kuchapa. Ile nyota ilikuwa imeisukuma namba kushoto, tarakimu zake hazikukaa chini ya zile za juu. Nilijaribu kuirekebisha. Nikivuta safu hii, ile inachomoza. Na maelezo ya chini yalikuwa yamerukia ukurasa wa pili, mistari miwili peke yake, vibaya mno. Nikautazama ule ukurasa nusu saa nzima. Halafu nikaifuta nyota, na maelezo yake nikayafuta. Safu ikanyooka. Niliona raha, nawaambieni ukweli. Niliona raha kama mtu aliyefagia ua.

Miaka miwili ikapita.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, karibu na saa nne asubuhi. Dada wa mapokezi akanipigia simu ya ndani: kuna mzee hapa, Kiingereza kinamkatika, anaongea kama wewe na mama yako mnavyoongea kwenye simu. Nikashuka. Nikamkuta mwanamume mfupi wa miaka hamsini na kitu, suti ya kahawia, viatu vimepigwa rangi lakini kwenye mishono kuna weupe wa unga. Alikuwa ameshika bahasha ya plastiki kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Aa, mama! Unasema Swahili!" Akacheka mpaka macho yakafumba. "Mungu ni mukubwa. Mi naitwa Papa Byamungu. Niko mutu wa Bukavu. Niko natafuta mwenye aliandika hii kitabu."

Alinitolea karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya kumkatalia hifadhi. Ya pili ilikuwa nakala ya ukurasa wangu. Mtu alikuwa amechora duara la kalamu nyekundu kwenye kisanduku cha mwaka ule.

Tulipanda juu kwa Bi. Marlene, mimi nikiwa mkalimani. Papa Byamungu akakaa ukingoni mwa kiti na kueleza. Alikuwa ametoka Bukavu zamani kutafuta maisha, akafika mpaka kwenye ile nchi ndogo ya mafuta, akapata kazi ya kuoka mikate kwenye kambi kubwa ya jeshi. Alioka pale miaka sita.

"Kila siku magunia ishirini ya unga," alisema. "Ile mwaka, mwezi wa pili, magunia kumi. Mwezi wa ine, matatu. Kisha hakuna. Banajeshi banakuja asubuhi na sahani, mi nabaambia unga imekwisha. Na bibi zao banakuja kwa mulango wa kambi, banauliza, Papa, kwa nini bwana yangu anarudia na njaa? Mi nikabajibu: hakuna unga, serikali haina tena feza ya unga. Njo ile tu. Kwa ile maneno banifunga miezi saba. Basema nimetoa siri ya jeshi."

Alitoroka, akafika Johannesburg, akaomba hifadhi. Afisa aliyemsikiliza alikuwa mtu mwangalifu, hakutaka kumwamini wala kumkatalia bure. Akaenda maktaba, akatafuta kitabu. Akakuta kwamba mwaka ule, kwa mujibu wa jedwali letu, jeshi la nchi ile lilipata fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia. Akaandika kwenye barua kwamba kambi isiyo na unga katika mwaka kama huo haiaminiki.

"Niko na wiki mbili za kukata rufaa," Papa Byamungu akasema. "Bakinikatalia tena, batanirudisha. Bibi na batoto bako Bukavu, bananingojea niwe na karatasi njo baje huku. Mama, umuulize bosi: ni nani aliandika hii namba? Alifika kule? Alikula mukate ya kule?"

Bi. Marlene alikuwa ananitazama, anangoja tafsiri.

Nikasema kwa Kiingereza: "Anauliza takwimu zetu tunazipata wapi."

Hilo ndilo nililosema. Mtu aliuliza nani, nami nikatafsiri wapi. Bi. Marlene akaeleza kwa upole kuhusu vitabu vya bajeti na ripoti za Hazina, nikamtafsiria, naye Papa Byamungu akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akaniambia taratibu, "Lakini hajasema jina."

"Ni ofisi nzima, Papa. Hakuna mtu mmoja."

Akakunja karatasi zake. Mlangoni akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Leo nimesema luga yangu ndani ya ofisi kubwa. Ile tu imenisaidia."

Sikufanya kazi siku ile. Nilikaa mbele ya jedwali. Nilijiambia kwamba afisa angemkatalia hata bila namba yangu. Nilijiambia kwamba labda namba ilikuwa sahihi, fedha zilikuwapo ila ziliibwa kabla ya kufika kwenye unga. Nilijiambia kwamba nikisema, wataniondoa, na nikiondolewa sina pengine pa kwenda katika jiji hili lote. La kwanza na la pili yalikuwa visingizio. La tatu lilikuwa kweli.

Siku ya tatu nikaenda Fordsburg. Alikuwa ameniambia anafanya kazi kwenye tanuri la mikate nyuma ya soko la vitambaa. Nilimkuta anakanda, mikono mpaka viwikoni ndani ya unga, redio ya mwenye duka inaimba kaswida.

"Mama Thandi! Umekuja kununua ao umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kukuuliza, Papa. Yale magunia. Ulikuwa unaandika mahali?"

Akanawa, akatoa kwenye mfuko wa koti kijitabu kilichofungwa kwa uzi. Kila ukurasa, tarehe, magunia, mikate iliyotoka, na safu ya mwisho mikate iliyoliwa na maafisa. Mistari yake ilipigwa kwa rula. Nilikipenda kijitabu kile mara moja. Mtu yule alikuwa kama mimi. Tofauti ni kwamba mahali ambapo unga haukuwepo, aliandika "hakuna". Kurasa nzima: hakuna, hakuna, hakuna, mpaka siku aliyokamatwa.

"Gerezani nilikificha ndani ya soksi," akasema. "Afisa wa hapa nilimuonyesha. Alisema kila mutu anaweza kuandika kitabu."

"Kweli."

"Kweli vile. Lakini ile yenu aliamini. Sababu iko na mistari mizuri."

Hakusema kwa hasira. Nilisimama pale na harufu ya mkate moto, nikasema kwa haraka, kabla sijapata nafasi ya kuipanga vizuri: "Papa, namba ile niliiandika mimi. Sikuwa na taarifa ya mwaka ule. Niliikisia. Na alama ya kuonyesha kwamba ni makisio niliifuta kwa sababu ilikuwa inaharibu mstari."

Alikifunga kijitabu kwa uzi wake. Kisha akarudi kwenye meza, akaanza tena kukanda.

"Na siku ile kwa bosi? Uliuliza swali yangu?"

"Hapana."

Akakanda. Mwenye duka akapita, akaniuliza kama nahudumiwa. Nikasema ndiyo.

"Mi nilikuita luga yangu," Papa Byamungu akasema bila kunyanyua kichwa. Nikaondoka, nikatembea kwa miguu kutoka Fordsburg hadi Braamfontein, na kwenye kila robot, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, nilisimama hata ilipokuwa ya kijani.

Kwa Bi. Marlene nilizungumza nimesimama. Nilikuwa nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikamkabidhi, kisha nikayasema tena kwa mdomo kwa sababu sikuweza kungoja amalize kusoma. Alivua miwani.

"Kwa nini hukuacha nukta mbili?"

"Palikuwa panaonekana kama sijamaliza kazi."

"Thandi, kule hakukuwa na kazi ya kumaliza. Hazina yao yenyewe haikujua."

Nilingoja anifukuze. Yeye akavuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kurekebisha: namba ya ukurasa, kisanduku, sababu. Kwenye sababu aliandika "kosa la ofisi". Nikamwomba aandike jina langu. Akakataa. Nikamwomba tena, nikasema afisa atauliza nani, na safari hii lazima kuwe na mtu. Akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona, akaandika.

Alisema pia kwamba kuanzia siku hiyo kurasa zangu zitakaguliwa na mwingine kabla ya kuchapwa. Hilo lilikuwa haki. Lilidumu mpaka siku niliyoacha kazi, na kila mwaka lilinichoma upya. Bra Themba alipopewa nakala za masahihisho kuzitia ndani ya vitabu vilivyobaki stoo, alisoma, akaja mpaka mezani kwangu. Nilidhani atapiga saluti. Akaweka tu kikombe cha chai karibu na mkono wangu, akarudi kwenye mashine yake. Tangu siku hiyo hakuniita tena Jenerali, aliniita Thandi. Nisingeamini kwamba ningelikosa lile jina la kejeli, lakini nililikosa.

Siku ya rufaa nilikwenda na barua. Tulikaa Papa Byamungu na mimi kwenye benchi refu la chuma, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa amepata mkalimani mwingine, kijana Mkongo anayenyoa nywele Yeoville. Nilielewa.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mwanamke, akaisoma barua mara mbili.

"Kwa hiyo namba sahihi ya mwaka huo ni ipi?"

"Sijui," nikasema.

"Kisia."

"Nilishakisia mara moja. Ndiyo maana tuko hapa."

Kijana wa nywele akamtafsiria Papa Byamungu, nikaona bega lake likitikisika kidogo. Sijui kama alikuwa anacheka.

"Basi kitabu chenu hakiniambii chochote kuhusu kambi hii?"

"Hakikuambii chochote. Ukitaka kujua kambi hii, kuna kijitabu cha mkononi mwake. Mimi nimekisoma. Kingekuwa cha kutunga, asingeandika magunia ishirini mwezi wa kwanza."

Ilichukua miezi mitano. Karatasi aliipata. Habari sikupewa na yeye, niliisikia kwa kijana wa nywele nilipopita kibarazani kwake. Akaniambia mke wa Papa na watoto wanne wako njiani kutoka Bukavu.

Papa Byamungu alikuja ofisini mara moja zaidi, mwaka uliofuata, kitabu kipya kilipotoka. Hakuniulizia mimi, aliulizia kitabu. Lakini ilibidi nishuke mimi. Nikamfungulia ukurasa. Safu ilikuwa imenyooka juu na chini, na katikati kulikuwa na nukta mbili.

Akaweka kidole pale. "Hapa hamukuandika kitu."

"Hatuna taarifa, Papa."

"Na mikate yangu?"

Nilijua atauliza. Nilikuwa nimempelekea Bi. Marlene kijitabu kile, nakala niliyotoa kwa mkono wangu kutoka kwenye jalada la rufaa, ukurasa kwa ukurasa. Tulikaa nacho mchana mzima. Ilikuwa kambi moja katika kambi saba. Ilikuwa chakula tu, bila mishahara, bila dizeli, bila buti. Kwa kanuni ambazo nilipaswa kuzifuata tangu mwanzo, hakikuweza kuingia.

"Mikate yako ni kambi moja tu," nikasema. "Haitoshi kujaza nchi."

"Miezi saba gerezani haitoshi?"

"Kwa jedwali, hapana."

"Na yako ya kufikiri tu, ilitosha."

Alisimama pale akizitazama zile nukta mbili, midomo yake ikicheza kama mtu anayehesabu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimekaa na namba za nchi ile miaka mingi, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenitokea kutoka ndani yake. Nilitaka kumwomba aje siku moja na mkewe, ninunue kiti cha pili. Badala yake nikamuuliza kama angependa nakala ya ukurasa.

"Ya nini?" akasema. "Hakuna kitu juu yake."

Akanipa mkono, mmoja tu, akatoka kwenda kazini kwake. Mimi nikapanda ghorofa ya nne, nikafungua jedwali la mwaka unaofuata. Kitabu cha nchi ile kilikuwa hakijafika. Kwenye kisanduku nikaweka nukta mbili, zikaisukuma safu upande, nami nikaiacha hivyohivyo.